Miungu wa Wagiriki wa Kale Walikuwa na Miili? Ulinganisho wa Njia Tatu za Kuwasoma

Mtu anayefundisha tenzi za Homer, anayezitafsiri, au anayezisoma tu kwa kupenda, hafiki mbali kabla ya kulazimika kuamua jambo moja. Je, Zeus, Hera, Athena na wenzao wachukuliwe kuwa na miili ya kweli, yenye uzito na maumivu. Au miili hiyo ichukuliwe kuwa vazi la muda linalovaliwa na nguvu zisizo na umbo. Au yote yahesabiwe kuwa lugha ya picha ambayo Wagiriki wenyewe, angalau wale wenye elimu, hawakuiamini? Kila jibu lina watetezi wake na ushahidi wake wa kale. Hata hivyo majibu haya hayana nguvu sawa, na msomaji akichagua vibaya atajikuta anatafuta mafumbo mahali ambapo mshairi alisema tu kile alichokimaanisha.

Kabla ya kuyalinganisha, inafaa kutenganisha maswali mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. La kwanza ni kama mungu ana mwili. La pili ni kama mwili huo una umbo la binadamu. Wako waliokubali la kwanza wakakataa la pili, na wako waliokataa yote mawili; asiyeyatenganisha hatawaelewa Wastoiko, shule moja ya wanafalsafa wa Kigiriki, hata kidogo, na mwanafalsafa Xenophanes atamwelewa nusu.

Njia ya kwanza: mwili wa kweli, wa aina nyingine

Ushahidi mzito wa njia hii umo katika kitabu cha tano cha Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy. Athena amemwondolea Diomedes, shujaa wa Kigiriki, ukungu machoni ili aweze kuwatambua miungu vitani, naye anamkimbiza Aphrodite na kumchoma mkononi, karibu na kifundo. Mkuki unapita kwenye vazi, unachana ngozi, na kinachotoka si damu bali ikori, majimaji yanayotiririka ndani ya miungu. Hapohapo Homer anatoa sababu: miungu hawali mkate wala hawanywi divai, ndiyo maana hawana damu na huitwa wasiokufa. Maelezo hayo yana thamani kubwa kwa ulinganisho huu, kwa kuwa hayasemi kwamba miungu hawana mwili. Yanasema kwamba mwili wao hulishwa kwa chakula kingine, ambrosia na nekta, na kwa hiyo kinachopita ndani yake ni kingine pia. Aphrodite anapiga kelele, anamwachia mwanawe Aeneas aanguke, na anakimbilia kwa mama yake Dione, ambaye anampangusa ile ikori na kumfariji kwa kumtajia wengine waliowahi kupatwa na hayo. Hera alipigwa mshale wenye ncha tatu kwenye titi la kulia. Hades naye alipigwa mshale. Na Ares alifungiwa ndani ya mtungi wa shaba kwa miezi 13 na majitu wawili, Otos na Ephialtes, hata akakaribia kuangamia.

Ares mwenyewe anapata zamu yake kabla kitabu hicho hakijaisha. Anachomwa chini ya tumbo, anatoa ukelele kama wa watu 9,000 au 10,000, kisha anapanda Olympus kwenda kulalamika, ambako tabibu Paieon anaziba jeraha lake kwa kasi ambayo Homer anaifananisha na jinsi utomvu wa mtini unavyogandisha maziwa. Katika pambano hilohilo, Athena anapopanda gari la Diomedes, mhimili wa gari unalia kwa uzito. Na katika kitabu cha ishirini na moja, Athena anampiga Ares kwa jiwe shingoni, naye anaanguka na kufunika plethra 7 za ardhi. Plethra moja kwa kawaida ilikuwa futi 100 za Kigiriki, kwa hiyo tunazungumzia urefu wa yapata mita 200. Ares huyohuyo, vitabu kumi na sita nyuma, alikuwa akitembea kando ya Hector, shujaa wa Troy, kwa umbo la mtu wa kawaida. Homer hajisumbui kupatanisha vipimo hivyo, wala sidhani tunapaswa kumsaidia.

Mwili huu pia unafungwa na mahali. Katika kitabu cha kwanza mungu wa kike Thetis hawezi kufikisha ombi la mwanawe Achilles kwa Zeus mara moja, kwa sababu Zeus na miungu wote wamekwenda karamuni kwa Waethiopia na watarudi siku ya kumi na mbili. Odyssey, utenzi wa pili wa Homer, nayo inaanza kwa nafasi kama hiyo: baraza la miungu linaweza kuzungumzia kurudi kwa Odysseus kwa kuwa Poseidon, adui yake, hayupo, yuko kwa Waethiopia akila sadaka. Zeus anapogeuza macho kutazama upande wa Thrace, Poseidon anapata mwanya wa kuingia vitani bila kuonekana. Hera anapomlaza usingizi mumewe juu ya mlima Ida, vita vinabadilika. Matukio haya hayawezekani kama mungu yupo kila mahali na huona kila kitu kwa wakati mmoja. Yakiondolewa, hadithi yenyewe inaporomoka.

Mshairi Hesiod anasonga mbali zaidi. Katika Theogony, utenzi wake kuhusu asili ya miungu, mungu akiapa kwa uongo kwa maji ya Styx, mto wa kuzimu, hulala bila pumzi wala sauti mwaka mzima, haonji ambrosia wala nekta, kisha hutengwa na baraza na karamu za wenzake kwa miaka 9 mingine. Hafi, lakini anakaribia kufanana na maiti kadiri kiumbe asiyekufa anavyoweza. Mwanahistoria Mfaransa Jean-Pierre Vernant, katika andiko lake la 1986, aliuita mwili wa namna hii mwili uliopita mwili: sifa zote tunazozijua, yaani nguvu, uzuri, mng'ao na kasi, lakini bila kuchoka, kuzeeka wala kuoza. Kwa mtazamo wake, mwili wa binadamu ndio wenye upungufu, na wa mungu ndio kipimo.

Njia ya pili: umbo la kuvaa na kuvua

Watetezi wa njia ya pili huanza na mabadiliko ya sura, na mifano wanayo tele. Athena humwendea Telemachus, mwana wa Odysseus, kwa sura ya Mentor, rafiki wa baba yake, kisha huondoka kwa umbo la ndege. Proteus, mzee wa baharini, hugeuka simba, joka, chui, nguruwe mwitu, maji na mti ili asikamatwe. Usingizi, ambaye naye ni mungu, hukaa juu ya mti mrefu akiwa ndege. Ikiwa mungu anaweza kuwa chochote, wanasema, basi hakuna umbo lililo lake hasa, na umbo la binadamu ni moja tu kati ya mengi anayoyatumia ili akutane nasi.

Hoja hii inavutia, na kwa msomaji aliyelelewa katika Uislamu au Ukristo inavutia hata zaidi, kwa kuwa inawasogeza miungu hao karibu na dhana ya Mungu asiyefungwa na mwili. Lakini inagonga mwamba kila mara ushairi unapotuonyesha kinachotokea vazi linapovuliwa. Aphrodite anamjia Helen kwa sura ya kikongwe msokota sufu, na Helen anamtambua kwa shingo yake nzuri, kifua chake na macho yake yanayong'aa. Poseidon anapojifanya mtabiri Calchas, Aias mwana wa Oileus anamtambua kwa miguu yake anapoondoka. Sura ya kuazima inavuja, na kinachovujia ndani yake ni kiungo cha mwili mwingine, sahihi zaidi, uliokuwa umefichwa.

Wimbo wa sifa kwa Demeter, mmoja wa nyimbo zilizohifadhiwa chini ya jina la Homer, unaeleza jambo hili kwa uwazi ambao haupatikani kwingine. Demeter ameishi Eleusis kama mwanamke mzee, yaya wa mtoto wa mfalme. Siku anapojidhihirisha hageuki kuwa mwanga mtupu wala sauti. Anakua, uzee unamwondoka, harufu nzuri inatoka katika mavazi yake, nuru inamulika mbali kutoka katika ngozi yake isiyokufa, nywele zake za rangi ya dhahabu zinamwagika mabegani. Mara ya kwanza alipokanyaga kizingiti cha nyumba hiyo, kichwa chake kilifika kwenye boriti ya paa na mlango ukajaa mng'ao. Aphrodite anafanya vivyo hivyo mbele ya mpenzi wake wa kibinadamu, Anchises. Chini ya vazi, kwa hiyo, kuna mwili, na ni mkubwa na mzuri kuliko ule wa kuazima.

Hata kisa cha Semele, ambacho hutajwa kama ushahidi kwamba umbo halisi la Zeus halina mwili, kikisomwa vizuri kinaelekea upande wa pili. Semele, mwanamke wa kibinadamu aliyependwa na Zeus, aliomba Zeus amjie kama anavyomjia Hera. Katika masimulizi yaliyohifadhiwa chini ya jina la Apollodorus, Zeus alikuja juu ya gari, pamoja na radi na ngurumo, na hayo ndiyo yaliyomuua. Umbo alilolitaka Semele ni lile la mume mbele ya mke wake wa kimungu, si la roho isiyo na sura.

Mahali ambapo njia ya pili inaishinda ya kwanza, kwa maoni yangu, ni kwenye mito. Skamandros, mungu wa mto wa Troy, anazungumza na Achilles kwa mfano wa mtu, lakini Hephaestus, mungu wa moto, anapomwashia moto, kinachochemka na kuteseka ni maji yenyewe. Mwili wa Skamandros ni mto. Jua, ardhi na usiku vinazusha ugumu huohuo. Tazama lakini kwamba ushindi huu ni wa swali la umbo tu. Mto unaoungua bado ni mwili, na pengine ndio mwili ulio wazi kuliko yote.

Mbele ya madhabahu

Ushairi pekee hautoshi kuamua, kwa sababu watu wengi wa kale walikutana na miungu wao hekaluni na kwenye maandamano kuliko vitabuni. Katika ibada ushahidi umechanganyika, na ndipo ninapomsihi msomaji asiharakishe.

Upande mmoja, sanamu zilitendewa kama watu wenye miili. Athens ilimfumia Athena vazi jipya na kulipeleka kwa maandamano katika sikukuu ya Panathenaia, na katika sikukuu ya Plynteria sanamu yake ya kale ya mbao ilivuliwa, ikafunikwa, na mavazi yake matakatifu yakashughulikiwa. Siku hiyo ilihesabiwa kuwa ya nuksi, na jemadari Alcibiades aliporudi mjini siku hiyohiyo baada ya miaka ya uhamishoni, wako walioona ni dalili mbaya, kana kwamba mwenyeji alikuwa amejifunika asimpokee. Huko Olympia, Zeus aliyechongwa na Pheidias kwa dhahabu na pembe za ndovu alikuwa na kimo cha yapata mita 12 akiwa ameketi. Mwanajiografia Strabo aliona kwamba kama angesimama angeondoa paa la hekalu. Huko Epidaurus, maandishi ya karne ya nne KK yanasimulia wagonjwa waliolala ndani ya eneo takatifu na kumwona Asklepios, mungu wa tiba, ndotoni akiwapasua na kuwatibu kwa mikono.

Upande wa pili, Pausanias, aliyezunguka Ugiriki katika karne ya pili BK, aliona huko Pharai mawe ya mraba yapatayo 30, kila moja likiitwa kwa jina la mungu, na akaongeza kwamba hapo zamani Wagiriki wote waliheshimu mawe yasiyochongwa badala ya sanamu. Huko Thespiai, Eros, mungu wa mapenzi, aliyeheshimiwa kuliko sanamu zote alikuwa jiwe lisilochongwa, ingawa mji huohuo ulikuwa na Eros wa mchongaji Praxiteles aliyesifiwa kila mahali. Watu hao hawakuwa wameshindwa kuchonga. Waliweza kuwa na mungu mwenye mabawa na mungu wa jiwe katika mji mmoja bila kuhisi kwamba kimoja kinamkanusha mwenzake.

Mwanahistoria Herodotus anatupa kipimo kizuri cha kile ambacho watu wa kawaida waliweza kukiamini. Katika karne ya sita KK, Peisistratos alitaka kurudi madarakani Athens. Wafuasi wake walimchukua mwanamke aliyeitwa Phye, mwenye urefu wa dhiraa 4 kasoro vidole 3 na sura ya kupendeza, wakamvika silaha zote, wakampandisha garini, na kutangaza kwamba Athena mwenyewe anamrudisha Peisistratos kwenye ngome yake. Watu wakamsujudia. Herodotus anawacheka kwa upumbavu wao, lakini hila hiyo isingebuniwa, achilia mbali kufaulu, katika jamii isiyotarajia mungu awe mrefu, mzuri na mwenye kuonekana. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanajua tukio linalofanana nalo, la miaka mia tano na zaidi baadaye: watu wa Lystra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, walimwita Barnaba Zeus na Paulo Hermes, kuhani akaleta ng'ombe na mataji ya maua, na mitume wakapata kazi ya kuwazuia wasitoe sadaka.

Sala nazo zina mantiki yake. Katika kitabu cha kumi na sita cha Iliad, Glaucus aliyejeruhiwa anamwomba Apollo kwa maneno yanayoonyesha kwamba mungu huyo huenda yuko Lycia, huenda yuko Troy, lakini popote alipo anaweza kumsikia mtu mwenye taabu. Apollo anasikia na kulikausha jeraha. Mwili uko mahali pamoja. Masikio yanafika mbali zaidi.

Njia ya tatu: picha tu, wanavyodaiwa kusema wanafalsafa

Njia hii humtanguliza Xenophanes wa Colophon, wa karne ya sita KK, ambaye alisema kwamba ng'ombe, farasi na simba wangekuwa na mikono wangewachora miungu wao kwa maumbo yao wenyewe, na kwamba Waethiopia huwafanya miungu wao weusi wenye pua bapa, na Wathrace huwapa macho ya buluu na nywele nyekundu. Ni shambulio kali, na bado halijazeeka. Lakini Xenophanes alipomweleza mungu wake mkuu alisema kwamba hafanani na wanadamu kwa mwili wala kwa fikra, kwamba huona akiwa mzima, hufikiri akiwa mzima na husikia akiwa mzima, na kwamba hukaa mahali palepale bila kusogea. Hiyo ni kukataa mfanano. Kukataa mwili kabisa ni jambo jingine, na maneno yake hayafiki huko. Empedocles, baada yake, alikwenda mbali zaidi: hakuna kichwa juu ya viungo, hakuna mikono, miguu wala magoti, ila akili takatifu inayopita ulimwenguni kote kwa mawazo yake ya kasi.

Plato anatajwa sana hapa, na kwa haki, kwa kuwa katika kitabu cha pili cha Jamhuri anakataa kwamba mungu hubadilisha umbo: aliye bora kabisa akibadilika atakuwa duni. Hata hivyo katika Phaedrus anatoa tahadhari ambayo wengi huiruka. Anasema kwamba sisi, bila kuwahi kumwona mungu wala kumfahamu ipasavyo, tunamwazia kuwa kiumbe hai asiyekufa, mwenye nafsi na mwili vilivyoungana milele. Aristotle alikata shauri: msukumaji wa kwanza, yaani mungu anayeanzisha mwendo wote, hana ukubwa wowote, na maumbo ya kibinadamu yaliongezwa baadaye ili kuwashawishi watu wengi.

Baada ya hapo, mambo hayakwenda kama njia ya tatu inavyotaka yaende. Waepikureo, wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus, walirudisha umbo la binadamu wakisema miungu wana kitu kama mwili na kitu kama damu. Katika kitabu alichokiandika Cicero mwaka 45 KK kuhusu miungu, msemaji mmoja, Cotta, anamdhihaki Velleius Mwepikureo kwamba hicho kitu kama mwili hakieleweki, na Velleius mwenyewe hakielewi ila hataki kukiri. Wastoiko nao walishika kwamba chochote kinachotenda lazima kiwe mwili, kwa hiyo Zeus ni mwili, pumzi ya moto yenye akili inayopenya maada yote, bila mikono wala uso. Hivi ndivyo wale waliokataa umbo la binadamu kwa nguvu zaidi walivyoweza kuwa watetezi wakubwa wa mwili wa kimungu. Kudai kwamba wenye elimu wa Ugiriki waliwaona miungu kuwa hawana miili ni kumchukua Aristotle na kumfanya msemaji wa watu wote.

Ipi ichaguliwe

Kwa anayesoma au kutafsiri Homer, Hesiod na zile nyimbo za sifa, ninapendekeza njia ya kwanza bila kusita. Mfasiri asilainishe jeraha la Aphrodite wala mhimili unaolia. Akiandika kwamba Ares „alishindwa" badala ya kwamba alianguka na kufunika ardhi, amemwondolea mshairi kitu alichokiweka kwa makusudi. Kwa anayeandika kuhusu ibada, njia ya pili ina msaada wake, hasa mbele ya mawe ya Pharai na miungu wa mito, mradi asiivute mpaka idai kwamba nyuma ya maumbo yote hakuna kitu cha kuguswa. Wachoma sadaka hawakuishi hivyo. Aristophanes, katika tamthilia ya Ndege iliyochezwa Athens mwaka 414 KK, alijenga kichekesho kizima juu ya mji wa angani unaozuia moshi wa sadaka hata miungu wanashikwa na njaa, na watazamaji wake hawakuhitaji kuelezwa kwa nini mungu aone njaa.

Njia ya tatu naiacha kwa anayemsoma mwanafalsafa mmoja mmoja, kwa jina lake, na kwa kumuuliza yale maswali mawili kila mmoja peke yake. Mwalimu mwenye vipindi vichache aanze na kitabu cha tano cha Iliad, aweke kando yake kujidhihirisha kwa Demeter, kisha alete beti za Xenophanes ili wanafunzi waone kwamba Wagiriki wenyewe walibishana. Akibakiwa na saa moja zaidi, aitumie kwa Wastoiko kabla ya Aristotle, kwa sababu ndio watakaowaonyesha wanafunzi kwamba mtu anaweza kumvua Zeus uso, ndevu na kiti cha enzi, na bado akamwachia mwili.